Mkono Shavuni

"Dada, hilo boksi nimeshalishika mimi."

"Umelishika na nini? Mikono yote miwili iko mfukoni."

"Nimeliwekea goti."

Delfina Arroyo akainama kuchungulia chini ya meza. Kweli bwana! Goti la yule mwanamume lilikuwa limebanwa kwenye ubavu wa boksi la viatu lililojaa slaidi, zile picha ndogo za filamu zinazobanwa kwenye fremu za karatasi, na hakuwa na dalili ya kuliondoa. Jumapili ile soko la vitu vya kale lilikuwa limefurika. Watu walipigana vikumbo kati ya redio mbovu na viti vya jikoni, harufu ya mahindi yaliyopakwa jibini na pilipili ilitanda kila mahali, na jua la Santa Ana halikuwa na huruma na mtu.

Watu wa slaidi wana sheria yao. Aliyegusa boksi kwanza ndiye mwenyewe, wengine hukaa kando mpaka aliachie. Delfina sheria hiyo aliijua vizuri sana. Ila asubuhi ile aliamua haijui.

"Kwa hiyo goti nalo ni mkono siku hizi?"

Mwanamume akashindwa kujizuia, akatabasamu. Alikuwa mrefu, shati la kazi la bluu limenyooshwa pasi hadi mikunjo ya mikono, jina TASHIRO limeshonwa kifuani, na kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Naye akamtazama dada huyu mwenye gauni la njano na fremu nyekundu za miwani, na moyo ukamfanyia kitu ambacho hakukiomba.

"Unatafuta nini humo?"

"Taji la Machungwa. Msimu wa kwanza kabisa."

Tabasamu likafutika palepale. Taji la Machungwa ndiyo ile bustani ya michezo waliyong'oa miti ya machungwa kuijenga, mwaka hamsini na tano, na picha za msimu ule wa kwanza watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Yeye Wendell Tashiro, fundi wa lifti, kila asubuhi aliweka moja kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, na maelfu ya watu waliamka nayo kabla ya kahawa.

"Nani kakutuma?"

"Kutumwa? Mimi mtoto wa dukani?"

"Wapo watu wananifuatafuata. Wakijua boksi gani nalitaka, wananiwahi."

"Kha! Nani akufuatefuate wewe na goti lako? Nina bibi yangu. Msimu ule wa kwanza alikuwa anapika chapati za mahindi dirishani, kwenye Kijiji cha Meksiko, wageni wanasimama nje wanamwangalia. Wafanyakazi walikatazwa kamera, hana hata picha moja. Na macho yake yanaondoka. Mimi kazi yangu ni miwani, najua hakuna miwani ya kumrudishia. Nataka aione picha yake kabla giza halijamfika. Umeridhika, au nikuletee na cheti cha kuzaliwa?"

Wendell akaondoa goti.

"Tuliangalie pamoja," akasema. Mimi ninayewasimulia nimekaa na watu hawa wa slaidi miaka mingi, na nawaambieni, mwanamume wa aina ile akikuachia boksi ameshakwisha.

* * *

Ndani ya lile boksi bibi yake, Nana Chelo, hakuwemo. Ilibaki namba ya simu, na simu hazikukoma.

"Umekula, malkia?"

"Malkia yuko kazini, anampimia mzee pua. Unataka nini?"

"Sauti tu."

"Umeshaisikia. Kwaheri." Lakini hakukata.

Mambo yakakolea upesi. Kila Jumapili mchana Wendell alikuja Santa Ana na projekta yake, wakafunga mapazia, wakatundika shuka ukutani, akamwonyesha Nana Chelo bustani yake ya ujana. Macho ya Nana yalikuwa yameharibika katikati, yamebaki pembeni, kwa hiyo vitu vidogo havimfai tena. Picha ikijaa ukuta mzima, yeye akigeuza uso kidogo upande kama kuku anayesikiliza, aliona. "Huyo farasi wa mbao sikio lilivunjika wiki ya kwanza!" alipiga kelele. "Na pale palikuwa na matope, msidanganyike na hayo maua!" Wendell aliandika kila neno, na projekta akaiacha palepale kwa Nana ili asiibebe kila wiki.

Doa la kwanza liliingia kupitia simu. Wendell alimtumia Delfina picha ya Kijiji cha Meksiko, nzuri mno, ila katikati jina lake limepita kwa herufi nyeupe kubwa.

"Wendell, hii nini?"

"Jina langu. Huwa naweka, watu wanaiba."

"Nami ni watu?"

"Mazoea tu, mpenzi."

"Mazoea. Haya."

Alisema haya, lakini haikuwa haya. Kazini akamwonyesha binamu yake Yadira, aliyekaa mapokezi na kucha zake ndefu za kijani na ulimi mrefu zaidi.

"Shoga, fungua macho, na wewe ndiyo kazi yako," Yadira akasema. "Hao watu wa slaidi nawajua. Kuna mzee mmoja alifanya kazi Taji, kafariki, hata matanga hayajaisha vitu vyake viko sokoni. Unajua nani alivichukua? Mchumba wa mjukuu. Hivi huyo wako hajaulizia boksi la kofia la Nana?"

Delfina akasita. Aliulizia. Wiki iliyopita tu, akiwa anakunja shuka: "Hivi Nana kwenye lile boksi la kofia ameweka nini?" Ndani mlikuwa na beji yake ya kazi na aproni aliyoshona kwa mkono. Swali la kawaida. Sasa likaanza kumwasha.

"Ameulizia," akasema.

"Ehee!" Yadira akapiga meza. "Nilisema mimi."

Na Wendell? Msidhani yeye alilala usingizi mnono. Mbona huyu dada kila siku anauliza slaidi halisi anaziweka wapi? Mbona alipokuja nyumbani kwake mjini Fullerton alisoma majina ya maboksi yote kwenye rafu, moja moja? Alimpenda, alijua anampenda, na bado alipokwenda kuoga alifunga droo kwa ufunguo. Aliona aibu, akaifunga vilevile.

* * *

Jumamosi moja saa za mchana Delfina alikuwa jikoni kwa Wendell akikata vitunguu vya majani, tambi zinachemka, amevaa shati la kazi la Wendell juu ya gauni. Wendell alikuwa kwenye roshani, simu sikioni. Mlango haukufungika sawasawa.

"Hapana Lorna, bado hajaiona... Hapana! Bibi ndiyo asijue kabisa... Sikiliza, zilizobaki nazitaka zote. Usimpe mtu mwingine."

Kisu kikasimama. Lorna ni nani? Bibi asijue nini?

Aliporudi, Delfina akamuuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya hatari, "Nani huyo?"

"Kazini. Lifti imekwama."

Lifti imekwama! Delfina akamimina tambi, akala, akacheka panapostahili kuchekwa. Wendell alipoingia kuoga, akaenda kwenye meza yenye kisanduku cha taa cha kuangalizia slaidi. Safari hii ufunguo ulikuwa umesahauliwa kwenye droo. Ndani, slaidi moja peke yake imefungwa kwa karatasi laini. Akaiweka juu ya taa, akainama na kioo cha kukuzia.

Alikuwa Nana. Miaka ishirini, aproni ileile ya boksi la kofia, nywele zimesukwa kuzunguka kichwa. Nyuma yake farasi wa mbao. Mbele yake mwanamume mwenye kofia pana na masharubu meusi mazito, wamesogeleana mpaka pumzi zinagongana, na mkono wa Nana umelala kwenye shavu la yule mwanamume. Hata mtoto angejua ule ni mkono wa mpenzi.

Babu Lázaro hakuwahi kufuga masharubu maisha yake yote. Wala hakuwahi kufanya kazi Taji. Alikuja kama mgeni, shati jeupe, akanunua chapati dirishani tena na tena mpaka Nana akakubali kuonana naye, ndivyo familia nzima ilivyosimuliwa. Wakaoana Septemba. Na kwenye fremu ya slaidi palikuwa na mhuri mwekundu: NOVEMBA 1955.

Septemba ndoa, Novemba haya.

"Delfi." Wendell alikuwa mlangoni, taulo shingoni, maji yanamchuruzika. "Iweke chini."

"Lifti imekwama, siyo?"

"Nisikilize kwanza..."

"Huyo Lorna ndiye mnunuzi? Au mnaiweka kwenye ukurasa, watu wanywe nayo kahawa? Bibi yangu na hawara wake, na jina lako katikati kwa herufi kubwa!"

"Lorna baba yake ndiye aliyeipiga! Nilimwomba anitafutie nyingine, iliyo nzuri, nimpe Nana. Hii niliificha kwa sababu niliona ule mhuri, na Nana aliolewa Septemba, nikajua itawaumiza."

"Kwa hiyo ulishamhukumu bibi yangu. Ukakaa naye Jumapili zote hizo, unakula chakula chake, kichwani unasema huyu bibi malaya."

"Sijawahi kusema neno hilo!"

"Ulifunga droo, Wendell. Mimi nalala hapa na wewe unafunga droo."

Wendell angeweza kusema na wewe umeifungua, na ingekuwa kweli, lakini alimtazama machoni akaacha. Delfina akavua lile shati la kazi, akalitupa kwenye kiti, akaondoka na slaidi ndani ya kisanduku cha miwani.

* * *

Wendell alipiga simu mpaka usiku. Delfina aliigeuza simu yake kifudifudi. Yadira, alipoelezwa, alituma ujumbe, "Nilisema mimi," na Delfina akatamani kumrushia kitu.

Jumapili ikafika. Nana Chelo alikaa kwenye kiti chake, amevaa blauzi yake ya maua na hereni, mdomo ameupaka rangi kwa kukisia.

"Kijana wa slaidi yuko wapi?"

"Haji, Nana."

"Mmegombana."

"Hatujagombana. Ni mwizi tu."

"Kaiba nini?"

Kile kisanduku cha miwani kilikuwa mfukoni mwa gauni la Delfina, na mkono wake ulikuwa juu yake tangu asubuhi. Akakaa kwenye mkono wa kiti cha bibi yake.

"Nana, ulimpenda Babu?"

Bibi akageuza uso pembeni ili amwone. Akauona ule mkono usiotoka mfukoni.

"Mimi macho yameharibika, akili bado," akasema. "Mna picha yangu mnanificha."

"Ni mbovu, Nana. Haionekani vizuri."

"Iweke."

"Nana, tafadhali."

"Delfina Arroyo, umenizungusha miezi unatafuta picha yangu kama mtu aliyepoteza pete, sasa umeipata unaniambia tafadhali? Nikifa na hili giza utaniwekea kaburini? Funga pazia."

Delfina akafunga pazia, akawasha projekta, akaitumbukiza ile slaidi. Alitaka kutazama pengine popote isipokuwa uso wa bibi yake. Ukuta ukawaka rangi. Nyekundu ya farasi, buluu ya anga, na wale wawili, wakubwa kuliko watu.

Nana akageuza shingo upande. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Delfina akamrukia kumkumbatia, "Nisamehe, Nana, nisamehe," mpaka akagundua kwamba bibi hakuwa analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi anashika mbavu.

"Lázaro! Mpumbavu wangu! Ah, Lázaro!"

"Nani?"

"Babu yako huyo! Humjui babu yako?"

"Babu hana masharubu!"

"Hana ndiyo, kidevu chake kilikuwa laini kama yai! Meneja aliamuru wanaume wote wa Kijiji cha Meksiko wawe na masharubu, wageni wanapenda hivyo. Aliyejaliwa alifuga, asiyejaliwa alibandikiwa. Babu yako alikuwa anapanda maua, wakamtoa kwenye maua wakamvisha kofia, wakampa gitaa asilojua kulipiga. Na gundi! Jua la Julai gundi gani itashika? Sogea ukutani. Angalia upande huu wa mdomo."

Delfina akasogea mpaka kivuli chake kikagusa picha. Pale, chini ya pua ya yule mwanamume, ncha ya masharubu ilikuwa imebanduka, inaning'inia. Na mkono wa Nana haukuwa unambembeleza. Kidole gumba kilikuwa kimeikandamiza ile ncha, anairudishia kabla meneja hajapita.

"Nilimbandika masharubu majira yote ya joto," Nana akasema, sasa machozi yanashuka kweli. "Ndivyo tulivyopendana. Alikuja dirishani kwangu kila yakibanduka, na mwisho nikaona anayabandua makusudi. Lakini aliona aibu, mwanangu. Mwanamume mzima kufanywa kinyago. Siku tulipooana akaniapisha, watoto wasijue. Tuseme yeye alikuja kama mgeni, na shati jeupe. Nikasema sawa."

"Na Novemba? Mhuri unasema Novemba."

"Novemba nilikuwa nimeshaacha kazi, niko Bakersfield natapika, mimba ya mama yako. Mwulize anayejua mambo ya mihuri. Amekwenda wapi huyo mwizi wako?"

* * *

Mwizi alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

"Delfi?"

"Njoo. Nana anakuita." Akameza mate. "Na mimi."

Alimweleza yote palepale kwa simu, ya gundi na ya meneja.

"Delfi, mimi ni punda," Wendell akasema. "Mhuri ni wa maabara. Ni mwezi filamu iliposafishwa, siyo picha ilipopigwa. Nawafundisha watu jambo hili kila siku! Baba yake Lorna alikuwa bahili wa filamu, roli moja ilikaa kwenye kamera miezi kadhaa, hadi Novemba. Niliona mkono shavuni, nikasahau kila ninachokijua."

"Sote wawili basi. Na mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni."

Alifika jua likiwa bado juu. Delfina alifungua mlango akiwa amejiandaa kuwa mkali kidogo, asionekane rahisi, na ukali wote ukamponyoka. Wendell alikuwa amevaa suti ya kijivu, nywele zimechanwa kwa maji, na chini ya pua amebandika masharubu meusi ya duka la sherehe, makubwa kama ufagio. Upande mmoja ulikuwa umeshaanza kushuka.

"Usicheke," akasema. "Nimejipanga njia nzima."

"Sicheki." Alikuwa anacheka.

Akampa bahasha. Ndani mlikuwa na picha za Lorna, zilizosafishwa kwa ukubwa wa sinia. Nana dirishani, chapati mkononi. Nana anamtolea ulimi mpiga picha. Delfina akazigeuza huku na huku akitafuta zile herufi nyeupe. Hazikuwepo popote.

"Hujaweka jina."

"Sitaweka. Na ile ya masharubu haiendi popote mpaka Nana aseme. Na hii hapa." Akamwekea kiganjani ufunguo wa droo. "Ungeniuliza, Delfi, ningekwambia. Lakini nami nilipaswa kukwambia bila kuulizwa. Nilikuogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba umenipendea maboksi."

"Ah! Na mimi nilidhani umenipendea boksi la kofia." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mapenzi gani haya, Wendell? Kila mtu analinda boksi lake kwa goti."

"Basi tuweke yote nyumba moja. Nilitaka kupiga magoti nikwambie vizuri, lakini nikiinama haya masharubu yanaanguka. Delfina, utakubali tuoane?"

Ncha ya masharubu ilikuwa imefika mdomoni, anaongea huku anaipuliza. Delfina akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye shavu lake, na kwa kidole gumba akaikandamiza ile ncha mahali pake. Akaushikilia pale.

"Nimekubali," akasema.

"Delfina!" Nana akaita kutoka ndani. "Kimya hicho cha nini? Mnafanya nini hapo mlangoni?"

"Namshikia masharubu, Nana!"

Kicheko cha Nana kikasikika kutoka ndani.

"Basi usimwachie."

Hakumwachia. Walioana Septemba, na Nana Chelo alikaa kiti cha mbele kabisa, uso ameugeuza kidogo pembeni ili aone vizuri.